Kibodi ya waya kuwa ya wailesi: umeshanunua HC-05 mbili na Uno, sasa ufanyeje

Mdogo wangu salama. Swali lako nimelisoma vizuri, nalifupisha hapa ili na wengine wafuatilie: uko mwaka wa mwisho diploma ya elektroniki, unataka kubadilisha kibodi ya kawaida ya USB iwe ya wailesi kama projekti ya kumalizia, umeshanunua moduli mbili za HC-05 (vibodi vidogo vya Bluetooth) na Arduino Uno (bodi ndogo ya kuandikia programu), kibodi umeifungua ukakuta waya nne, unauliza waya zipi ziende kwenye HC-05, betri ya simu ya zamani kama inafaa, na paneli ya watahini wakikuuliza "si ungenunua tu ya wailesi dukani" uwajibu nini.

Nianze na hilo la waya maana ndo linawakwamisha wengi. Hakuna waya wa kibodi ya USB unaoenda moja kwa moja kwenye HC-05, ukiunganisha hivo hakitatokea kitu, na usije ukadhani moduli imeungua ukaenda kununua nyingine. Sababu ni hii: kwenye USB kibodi haijiongelei yenyewe. Ni kama darasa ambalo mwanafunzi hafungui mdomo mpaka mwalimu aite jina lake. Kompyuta ndo mwenyeji, inaanza kwa kuiuliza kibodi wewe nani, unatumia umeme kiasi gani, data zako zimepangwaje, inaipa namba, alafu kila baada ya milisekunde kadhaa, mara nyingi 8 au 10, inaiuliza kuna kitufe kimebonyezwa? Asipokuwepo wa kuuliza, kibodi inakaa kimya hata ukibonyeza vitufe vyote. HC-05 haijui kuuliza. Yenyewe inapokea baiti za siriali (data inayokuja biti moja baada ya nyingine) upande mmoja na kuzitoa upande wa pili, basi. Alafu ukitegemea simu au laptopu iione HC-05 kama kibodi napo utakwama, kwasababu itaiona kama bandari ya siriali tu, kwenye Bluetooth kibodi ina lugha yake inaitwa HID na HC-05 na programu iliyotoka nayo kiwandani haiongei lugha hiyo.

Kwahiyo projekti yako halisi sio kuondoa waya. Projekti yako ni kutengeneza kompyuta ndogo inayokaa katikati, inajifanya mwenyeji mbele ya kibodi, inachukua vitufe, inavirusha hewani, na upande wa pili kuna kitu kinachojifanya kibodi mbele ya laptopu. Ukilielewa hilo hutababaika hata paneli wakuulize nini, na kwenye ripoti mchoro wako wa kwanza uwe huo.

Sasa vifaa ulivyonavyo havijaenda bure, ila inategemea na kibodi yenyewe. Kabla ya USB kuenea kulikuwa na PS/2, ile soketi ya duara ya pini sita, ya zambarau kwa kibodi na ya kijani kwa mausi, ilianza na kompyuta za IBM mwaka 1987. PS/2 ni rafiki mkubwa wa mwanafunzi kwasababu kibodi yake inaongea yenyewe bila kuulizwa, ukibonyeza inatuma. Na kibodi nyingi za zamani za USB, hasa zile zilizokuwa zinauzwa na kiadapta cha zambarau, ndani zinajua lugha zote mbili. Za siku hizi nyingi haziwezi tena, kwahiyo jaribu kwanza kabla hujaandika pendekezo la projekti.

Kujaribu ni hivi. Waya nyekundu ni volti 5, nyeusi ni graundi, kijani ni D+, nyeupe ni D-. Hiyo ndo kawaida, ila kibodi za bei chee wakati mwingine rangi hazifuati kanuni, kwahiyo chukua multimita ufuatilie kutoka kwenye plagi ya USB mpaka kwenye bodi, usiamini rangi. Kwa lugha ya PS/2, D+ inakuwa waya wa saa na D- inakuwa waya wa data. Weka resista ya kiloomu 4.7 au 10 kutoka kila mmoja kwenda volti 5, waya wa saa upeleke pini namba 2 ya Uno kwasababu hiyo ina intarapti (inaishtua programu papo hapo ishara ikibadilika), data pini yoyote, graundi ziwe pamoja. Washa. Kibodi inayojua PS/2 itamulika taa zake mara moja, na baada ya kujipima itatuma baiti AA (ni namba ya heksadesimali, kama namba zote za vitufe na amri za kibodi hapa chini), maana yake niko salama. Ukiiona AA umepata, endelea. Usipoiona kabisa na umehakikisha waya, basi kibodi hiyo ni ya USB tupu, ama utafute nyingine kwenye maduka ya kompyuta za mtumba, ama uende njia ya ESP32, chipu yenye redio ndani yake, ambayo nitaielezea mbele. Na tafadhali usikate waya wa kibodi. Weka soketi kwenye boksi lako, kibodi ichomekwe kama kawaida, ili siku ya kujieleza uweze kuchomoa hiyo ukachomeka nyingine mbele yao. Hapo unakuwa umetengeneza kifaa kinachobadilisha kibodi yoyote inayojua PS/2, sio kibodi moja iliyopasuliwa.

Kusoma PS/2 ni rahisi ukitulia. Kila baiti inakuja na biti 11: moja ya kuanza, nane za data, moja ya pariti isiyo shufwa (ya kuhakiki kama data imefika salama), moja ya kumaliza. Unasoma data kila waya wa saa unaposhuka, na saa inakwenda kati ya kilohezi 10 na 16.7. Herufi A ukibonyeza inatuma 1C, ukiachia inatuma F0 alafu 1C. Vitufe vya mishale na wenzake vinatanguliwa na E0. Kuna vituko viwili vya kuangalia kwenye jedwali lako: F7 namba yake ni 83, haifanani na majirani zake, na kitufe cha Pause kinamwaga baiti nane kwa mpigo na hakitumi chochote ukikiachia, programu isiyojua hilo inaona Ctrl kama imebonyezwa yenyewe.

Hapa sasa kuna mtego ambao watu wanakaa nao wiki nzima wakilaumu moduli. Mifano mingi ya HC-05 na Uno inatumia SoftwareSerial, laibrari inayoigiza siriali kwenye pini za kawaida. Hiyo laibrari ikiwa inatuma baiti inazima intarapti, na kwa kasi ya 38400 baiti moja inachukua kama maikrosekunde 260, wakati biti moja ya PS/2 ni maikrosekunde 60 mpaka 100. Piga hesabu, kila ukituma baiti unapoteza biti tatu au nne za kibodi ikitokea inaongea muda huo. Matokeo yake ukiandika polepole inafanya kazi safi, ukiandika haraka zinatoka herufi za ajabu. Dawa ni kutumia siriali halisi ya Uno, pini 0 na 1, uichomoe HC-05 wakati wa kupakia programu tu. Dawa nyingine ni kuushusha waya wa saa wa PS/2 kwa makusudi wakati unatuma, kibodi ikiona hivo inanyamaza na kuhifadhi vitufe kwenye kumbukumbu yake mpaka uachie. Ukifanya zote mbili ndo unakuwa na kitu imara.

HC-05 zenyewe unazifunga pamoja mara moja tu. Bonyeza kile kibatani huku unawasha umeme, taa itamulika polepole kila sekunde mbili, hapo iko kwenye modi ya amri kwa kasi 38400. Moja unaipa AT+ROLE=1 iwe kiongozi, nyingine inabaki 0. Ya mfuasi unaiuliza AT+ADDR? unachukua anwani, unaiandika kwa kiongozi kwenye AT+BIND ila nukta pacha unaziweka mkato, alafu AT+CMODE=0 ili isijiunge na kitu kingine chochote. Kasi weka 38400 zote mbili kwa AT+UART. Nywila iliyotoka nayo kiwandani ni 1234, ibadilishe kwa AT+PSWD, sababu nitaisema chini. Na pini ya RXD ya HC-05 ni ya volti 3.3 wakati Uno inatoa 5, kwahiyo weka resista ya kiloomu 1 kutoka TX ya Uno mpaka RXD, na ya kiloomu 2 kutoka RXD kwenda graundi. Wapo wanaounganisha moja kwa moja na ikafanya kazi, ila unaiumiza, na msimamizi makini ataliona kwenye mchoro wako.

Upande wa laptopu hapo ndo utaongeza kitu kimoja cha kununua. Uno haiwezi kujifanya kibodi kirahisi kwasababu ATmega328P haina USB ndani yake. Tafuta bodi yenye ATmega32U4, yani Leonardo au Pro Micro, ile ndogo inatosha. Hiyo laptopu inaiona kama kibodi halisi bila kuweka driva, na ukitumia BootKeyboard iliyomo kwenye laibrari ya HID-Project inaweza kufanya kazi mpaka kwenye BIOS (ile programu inayowaka kabla ya Windows), jambo ambalo kibodi nyingi za Bluetooth haziwezi. Laibrari ya Keyboard ya kawaida inatosha kwa kuanzia, ila ukitaka kutuma namba halisi za vitufe HID-Project ni nzuri zaidi. Kifurushi cha data cha HID ni baiti nane: ya kwanza ni Shift, Ctrl na wenzao kila mmoja na biti yake, ya pili haitumiki, sita zinazobaki ni vitufe vilivyoshikwa muda huo. Herufi A huku ni 04, sio 1C tena, kwahiyo jedwali la kutafsiri litakuwepo hata ufanyeje, na mi ningeliweka upande wa kibodi.

Naomba hapa unisikilize. Usitume matukio, tuma hali. Yani usitume "A imebonyezwa" alafu "A imeachiwa", kwasababu siku ujumbe wa kuachia ukipotea hewani laptopu itajua A bado imeshikwa, itajaza ukurasa mzima aaaaaaaa mbele ya paneli. Tuma zile baiti nane zote kila kunapotokea badiliko, tanguliza baiti moja ya kuonyesha mwanzo na malizia na moja ya kuhakiki jumla. Kwa kasi ya 38400 baiti kumi zinapita kwa kama milisekunde 2.6, hazina uzito wowote. Kitufe kikiwa bado kimeshikwa rudia kutuma hali ileile kila milisekunde 100, na risiva isiposikia chochote kwa milisekunde 300 huku inajua kuna kitufe kimeshikwa, iachie vyote yenyewe. Mistari michache sana ya programu lakini ndo inatofautisha kifaa cha kutumia na cha kuonyesha.

Na taa ya Caps Lock usiisahau. Ile taa haiwashwi na kibodi, inawashwa na kompyuta kwa kutuma baiti moja kurudi, biti ya kwanza Num, ya pili Caps, ya tatu Scroll. Kwahiyo mawasiliano yako lazima yawe ya pande mbili, Pro Micro ikipokea baiti hiyo iirudishe hewani mpaka Uno, na Uno iiambie kibodi kwa amri ya ED. Upangaji wa biti unabadilika kidogo, kwenye PS/2 Scroll ndo ya kwanza, alafu Num, alafu Caps. Wanafunzi wengi wanaliruka hili na paneli wanalijaribu, kwasababu Caps Lock ni kitu cha kwanza mtu kubonyeza akikaa mbele ya kibodi asiyoijua.

Kama kibodi yako ni ya USB tupu, njia ni ESP32-S3. Andika jina lake kamili unapoenda dukani, kwasababu ESP32 ziko nyingi na muuzaji atakupa yoyote. ESP32 ya kawaida ina Bluetooth lakini haiwezi kuwa mwenyeji wa USB. S2 inaweza kuwa mwenyeji ila Bluetooth haina kabisa. C3 ina Bluetooth, uenyeji haina. S3 ina vyote, USB iko pini 19 kwa D- na pini 20 kwa D+, na Bluetooth yake ni ile ya nishati ndogo, inajua kujitambulisha kama kibodi kwa simu, laptopu na TV bila kuhitaji risiva upande wa pili. Kwenye mifano ya ESP-IDF, programu za watengenezaji wa ESP32, kuna wa kusoma kibodi ya USB na kuna wa kujifanya kibodi ya Bluetooth, kazi yako ni kuoanisha hiyo miwili, na sio ndogo, kama hujawahi kushika FreeRTOS (mfumo mdogo unaoendesha kazi kadhaa kwa zamu) jipe muda. Kitu cha kuangalia ni umeme: bodi nyingi hazitoi volti 5 kwenye ile soketi ya USB, zenyewe zimezoea kupokea, kwahiyo kibodi ipewe volti 5 yake moja kwa moja kutoka kwenye saketi ya betri. Pima kwanza. Raspberry Pi Pico W nayo inaweza, ina uenyeji wa USB na Bluetooth.

Njia ya tatu ni kuitupa kabisa bodi ndogo iliyomo kwenye kibodi na kusoma vitufe mwenyewe kwenye zile karatasi za plastiki zenye mistari ya kupitisha umeme. Mistari ni mingi, zaidi ya ishirini, karatasi haikubali solda, na utahitaji chipu za 74HC595 au MCP23017 kuongeza pini. Kwa diploma sikushauri, japo ndo njia pekee inayokupa betri ya kudumu miezi, na sasa nakwambia kwanini.

Betri ya simu inafaa, ila isiwe imevimba hata kidogo, iliyovimba irudishe ulipoitoa ikatupwe salama, usiijaribu. Volti yake ni 3.7, ikijaa 4.2, kibodi na Uno zinataka 5, kwahiyo unahitaji moduli ya kupandisha kama MT3608, uirekebishe iwe volti 5 kamili kabla hujaunganisha chochote. Kuchaji tumia TP4056 ile yenye ulinzi, iliyo na matundu ya B na OUT tofauti. Yenyewe inachaji kwa ampia 1, kwa betri ya simu iliyozeeka ni nyingi, badilisha ile resista ya kiloomu 1.2 uweke 2.4 itashuka mpaka kama miliampia 500. Usichome solda muda mrefu kwenye vichwa vya betri, joto linaiua na ni hatari.

Sasa hesabu. Tuseme Uno inakula miliampia 50, kibodi 20, HC-05 30, jumla 100 kwa volti 5, hiyo ni nusu wati. Betri ya miliampia-saa 1500 ina wati-saa 5.5, ukitoa upotevu wa kupandisha volti zinabaki kama 4.7, gawanya, saa tisa na kidogo. Wakati kibodi ya wailesi ya dukani inakaa miezi kwa betri mbili ndogo. Tofauti hiyo haitokani na uzembe wako. Ya dukani inalala kati ya kitufe na kitufe, inaamka kwa muda mfupi sana, inarusha, inalala tena. Ya kwako ina bodi ya ndani iliyotengenezwa kwa imani kwamba umeme unatoka kwenye ukuta na hauishi. Hiyo sentensi iweke kwenye ripoti, pamoja na vipimo vyako mwenyewe, sio hivi vyangu vya makisio: weka multimita kwenye mstari wa betri, pima ikiwa imetulia, pima unapoandika, alafu ichaji ijae uiache mpaka izime uandike muda. Baada ya hapo badilisha Uno na Pro Mini (Arduino ndogo) uliyoitoa taa ya umeme, pima tena, weka grafu mbili pamoja.

Na hapo ndo unapata jibu la paneli. Wakisema si ungenunua, usibishane nao kuhusu bei, ya dukani kweli inaweza kuwa rahisi kuliko vifaa vyako. Waambie umejenga mfumo wa kutafsiri itifaki mbili na umeupima, alafu uwaonyeshe vipimo: umbali ukiwa wazi na ukiwa na kuta, muda toka kitufe mpaka laptopu, muda wa betri, na asilimia ya fremu zilizopotea. Muda unaupima kirahisi, Uno inyanyue pini wakati inasoma kitufe na Pro Micro inyanyue pini wakati inakituma, weka osiloskopu ya maabara kwenye zote mbili usome tofauti.

Swali jingine watakalouliza, na lina uzito, ni usalama. Kibodi ndo inabeba nywila ya benki ya mtu. Mwaka 2016 watafiti wa kampuni ya Bastille ya Marekani walionyesha kwamba kibodi kadhaa za wailesi za bei nafuu zilikuwa zinarusha vitufe hewani bila kufichwa kabisa, mtu mwenye redio ndogo anasoma kila unachoandika akiwa mbali. Ndo maana sikukushauri moduli ya redio ya nRF24L01+ japo ni rahisi na inatumia umeme kidogo, yenyewe haina ufichaji wowote, mpaka uuandike mwenyewe. HC-05 ina ufichaji wa Bluetooth ya zamani ambao nguvu yake inategemea nywila, na ukiacha 1234 umeacha mlango wazi, ndo sababu ya kuibadilisha. Sema wazi kwenye ripoti kwamba ni Bluetooth 2.0 na haifai kwa mazingira ya siri, paneli wanaheshimu mtu anayejua mpaka wa kazi yake.

Kama muda wako ni miezi mitatu ningeenda hivi: kibodi ya PS/2 mpaka Uno kwa waya na herufi zionekane kwenye kompyuta, usiguse HC-05 mpaka hiyo iwe haikosei hata ukiandika kwa fujo. Alafu Uno na Pro Micro kwa waya za siriali, bado bila wailesi. Ikikubali ndo uchomoe waya uweke HC-05, na betri iwe ya mwisho kabisa. Anza na kutafuta ile baiti AA, ukikwama hapo niandikie modeli ya kibodi na kama taa zinamulika ukiwasha, kwa hayo mawili naweza kukwambia kama utafute kibodi nyingine au ufuatilie waya.